Msusi wa Mota

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wa mzaha huu ulichukua miaka ishirini na mmoja kutumbuka. Ulianza siku ya tatu ya kazi ya msichana mmoja mwenye cheti cha ufundi umeme, aliyepangiwa karakana ya idara ya maji: chumba kirefu, mafundi kumi na mmoja, wote wanaume, na dirisha moja lililogoma kufunguka tangu lilipowekwa. Mafundi hawakujua wamfanye nini. Pampu nzito walisema si saizi yake. Kwenda visimani walisema ataharibu viatu. Mwishowe wakampa kiti pembeni na mota iliyoungua.

Mota ikiungua, nyaya zake za shaba hukatwa na kutolewa zote, kisha nyaya mpya huzungushwa na kupangwa kwenye mifereji ya chuma, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata mzunguko mmoja. Mafundi huita kazi hiyo kusuka. Ni kazi ya kukaa kitako na kuumia mgongo, na hakuna aliyekuwa akiigombania. Wakamwambia kwa ukarimu wa kinafiki kwamba wanawake huzaliwa na vidole vya kusuka, basi na asuke.

Siku hiyo ya tatu afisa utumishi alipita na kadi za wafanyakazi, akiuliza kila mtu kazi yake. Alipofika pembeni, msichana alikuwa ameng'ata uzi wa kufungia nyaya na hakuweza kujibu. Fundi mmoja akamjibia kwamba huyu anasuka. Afisa akasema, basi msusi, akaandika hivyohivyo. Chumba kizima kiliangua kicheko, mmoja akapaliwa na chai mpaka akapigwa mgongoni. Msichana naye alicheka, uzi ungali mdomoni. Tangu siku hiyo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na watu wote wakamwita Msusi.

Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: wale mafundi walikuwa watu wa utani, si wabaya. Mmoja akikosea kuunga waya, mwenzake alisema akili ni nywele, mpelekeni kwa Msusi akasukwe. Naye alikwishajifunza kuwarudishia. Miaka mitano ilipopita, hapakuwa na mota iliyomshinda. Alikuwa akiinusa tu na kukwambia kama imeungua kwa umeme mdogo au kwa kuzungushwa kisima kikiwa kikavu. Mafundi wenye vifua vipana walikuja kusimama kando ya kiti chake, mikono nyuma, kumuuliza waya wa unene gani utumike, na alipowajibu walirudi kwenye meza zao na kujaza ripoti. Kwenye ripoti kulikuwa na nafasi ya jina na sahihi ya fundi aliyehusika. Humo kila mara iliandikwa ya mwingine, kwa kuwa ndiyo desturi waliyomkaribishia, na yeye aliamini siku yake ya kutia sahihi itafika.

Miaka kumi na miwili iliyopita alikabidhiwa kijana wa kufundishwa. Kijana alikuwa na tabia ya kufuata kila waya kwa kidole huku midomo ikimchezacheza, na ndiyo maana wakamwita Kidole. Msusi alimfundisha kwa subira ambayo hata watoto wake hawakuipata. Alimfundisha kuhesabu mizunguko kwa sauti, kukata karatasi ya kuhami isizidi wala isipungue, kupaka vanishi na kungoja ikauke bila kuikimbiza. Kidole alikuja kuwa fundi wa kutosha. Si mkali, wa kutosha tu, lakini mwenye adabu, na alimwita Mama.

Kisha Mkuu wa karakana, mzee aliyekalia kiti hicho miaka kumi na saba, akafikia umri wa kustaafu. Siku ya kumuaga alisimama mbele ya wote akasema kiti anakiacha na mwenyewe wanamjua, akageuza uso kuelekea pembeni. Hakuna aliyebisha, hata wale waliokuwa na kinyongo na Msusi. Tangazo la nafasi likabandikwa ubaoni: awe fundi mwenye uzoefu usiopungua miaka kumi. Msusi alilisoma akiwa amesimama, akaenda kunywa maji, akarudi akalisoma tena. Alijua hesabu ya umri ilivyo. Kidole alikuwa na miaka thelathini na sita. Akikikalia kiti hicho yeye, atakuja kuinuka Msusi akiwa kwake anasikilizia magoti. Nafasi ilikuwa hii moja. Kidole mwenyewe alimwambia kwamba anaomba kwa kumsindikiza tu, ili wasiseme karakana nzima ilikuwa na mwombaji mmoja, naye Msusi akamsaidia kuandika barua.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwa Afisa Utumishi. Huyu hakuwa yule wa zamani. Alikuwa mwanamke, mgeni wa miaka miwili, mwenye kalamu nyingi na sauti ya upole, na siku alipoteuliwa Msusi aliwaambia wafagizi wa korido kwamba sasa tuna mtu wetu mle ndani. Ofisini palijaa maboksi ya fulana za zambarau za Siku ya Wanawake, na ilibidi Msusi aondoe bunda moja kwenye kiti ndipo apate pa kukaa.

Afisa alimpa pole kwanza, na hapo Msusi alijua kuna jambo.

"Mama, mfumo haukutambui kama fundi," Afisa alisema.

"Unanitambua kama nani?"

Afisa akamgeuzia kompyuta. Kada: huduma za jumla. Cheo: Msusi. Juu ya jina lake walikuwapo wapishi wa kantini, chini yake mtunza bustani. Ile kadi ya mwaka wa kwanza ilinakiliwa kwenye daftari, daftari likanakiliwa kwenye kompyuta, na kila aliyenakili alikuwa mtu makini asiyebadilisha hata herufi. Afisa akaongeza, kwa kicheko kidogo cha kuomba radhi, kwamba hata yeye siku ya kwanza alipouona ule mstari alijiuliza idara ya maji inataka msusi wa nini.

"Na ulipojiuliza," Msusi akasema, "ulimuuliza nani?"

Afisa alipanga kalamu zake. Alieleza kwamba marekebisho ya cheo hupitia ngazi tatu, na usaili ulikuwa Alhamisi. Cheti cha ufundi kilichokuwa kwenye jalada hakikuonekana. Msusi akasema anacho nyumbani, kwenye mfuko wa nailoni, atakileta hata sasa hivi. Afisa akasema alete tu, lakini Alhamisi ni Alhamisi. Na barua ya Mkuu mstaafu ya kumpendekeza? Ilipokelewa, ila iliandikwa siku mbili baada ya yeye kustaafu, kwa hiyo sahihi yake haikuwa na nguvu tena.

"Usife moyo, Mama," Afisa akamwambia, akimshika mkono juu ya meza. "Jina lako limepita kwenye zawadi ya Siku ya Wanawake. Wewe ndiye Mwanamke wetu wa Mfano mwaka huu."

Alitoka pale bila kuaga. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa alikuwa amekuzoea, lakini siku zote chupa ilishikwa na mwanaume, na hili la leo lilimchoma kuliko yote. Jioni alipofika nyumbani alimweleza binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni na aliyeshinda wiki nzima akiwatangazia marafiki zake kwamba mama anakuwa Mkuu. Binti alisikiliza hadithi yote, ya kadi, ya uzi mdomoni, ya aliyepaliwa na chai. Hakuuliza habari za usaili.

"Mama, na wewe ulicheka?"

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

"Mwanangu, walikuwa kumi na mmoja, na mimi nilikuwa na siku tatu kazini. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Uso wa binti ulisema kwamba yeye asingecheka. Pengine kweli asingecheka. Msusi alimwonea wivu mtoto wake mwenyewe, akaona haya, akaenda kutoa kile cheti kwenye mfuko wa nailoni na kukinyoosha kwa kiganja. Alhamisi alikipeleka. Aliambiwa akiache mapokezi. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha usaili tangu asubuhi mpaka mchana, akawaona waombaji wakiingia na kutoka, Kidole miongoni mwao, amevaa tai. Kidole alimsalimia shikamoo, akatazama viatu vyake, akapita.

Siku ya Wanawake ilikuja Jumatano. Tangu alfajiri wanawake wa idara walikuwa ukumbini wakifagia, wakipanga viti, wakichemsha chai na kukata keki, maana sherehe ni yao na nani mwingine angewaandalia? Saa nne wanaume wakaingia wakakaa mbele. Mkurugenzi alihutubia dakika arobaini. Alisema mwanamke ni nguzo, mwanamke ni taa, mwanamke ni jeshi, na kila alipomtaja mwanamke kuwa kitu kingine, ukumbi ulipiga makofi. Msusi alikaa mstari wa pili ndani ya fulana ya zambarau iliyombana kwapani. Hotuba yake alikuwa ameipanga kichwani siku tatu. Ilikuwa fupi. Angeeleza ile kadi, angeomba usaili urudiwe, na angesema hayo mbele ya watu mia mbili ili pasiwe na wa kusema hakusikia.

Wakamwita. Mshereheshaji alilivuta jina kama anayetangaza bondia: Mama yetu, Mwanamke wetu wa Mfano, Msusi wa Mota! Vigelegele vikapaa. Alipewa cheti chenye ua pembeni na akapewa kipaza sauti.

"Mimi si msusi," alisema. "Mimi ni fundi. Nimekuwa fundi miaka ishirini na mmoja."

Alivuta pumzi ili aendelee, na pumzi hiyo ndiyo iliyomponza. Ukumbi ulisimama wote. Watu walishangilia, wakapiga meza, mtu nyuma akaanza kuimba mimi ni fundi, mimi ni fundi, na wengine wakaitikia. Afisa Utumishi alifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Msusi alisema haloo, haloo, kadi, nilitaka kusema habari ya kadi, lakini Mkurugenzi alikwishapanda jukwaani, kamkumbatia kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili kachukua kipaza sauti. Alisema hayo ndiyo maneno ya mwanamke anayejiamini, na kwamba mwaka ujao yataandikwa kwenye fulana. Kisha, akasema, kwa furaha hiyohiyo, anamtangaza Mkuu mpya wa karakana, kijana aliyelelewa na mama huyuhuyu. Kidole akapanda. Mpigapicha akawataka washikane mikono na kutabasamu.

Alivishwa kilemba cha ukoka mchana kweupe, na watu wakapanga foleni ya kumpongeza. Mke wa bosi wa mapato alimwambia ana bahati kuwa na idara inayothamini wanawake. Chai ilipokwisha, yeye na wenzake wakabaki kuosha vikombe.

Tuseme haki, Afisa Utumishi hakumsahau. Alizisukuma zile ngazi tatu kwa bidii, na baada ya wiki mbili alishuka mwenyewe mpaka karakana, bahasha mkononi, uso umechangamka.

"Tumeshinda, Mama," akasema.

Msusi alifungua bahasha kwa bisibisi. Barua ilieleza kwamba kosa la kumbukumbu limesahihishwa. Kuanzia tarehe ya barua hiyo hatakuwa tena kwenye kada ya huduma za jumla. Atakuwa kwenye kada ya ufundi, cheo cha fundi mwanagenzi, kwa kuwa ndicho cheo cha kila anayeingia kada hiyo. Uzoefu wake utahesabiwa tangu tarehe hiyo. Atakuwa kwenye majaribio miezi sita, na kila mwezi msimamizi wake, yaani Mkuu wa karakana, atajaza fomu ya maendeleo yake, naye mwanagenzi atie sahihi kuthibitisha kuwa ameisoma. Alimuuliza Afisa kama amesoma barua yenyewe. Afisa akasema ameisoma, ndiyo taratibu, lakini angalau sasa yumo. Na akikataa? Akikataa atarudi kuwa msusi.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, Kidole alimletea fomu. Aliishika kwa mikono miwili. Alikuwa amehamia kwenye kile chumba kidogo cha vioo, lakini hakuwa amezoea kuwaita watu waende kwake, na kwa Msusi alikuja mwenyewe kila mara, maana kila mara alikuwa na la kuuliza. Siku hiyo mezani palikuwa na mota kubwa ya pampu ya kisima cha mashariki, inayolisha mitaa sita. Kidole alisema amemwandikia vizuri, Mama, asiwe na wasiwasi. Msusi akasoma. Kwenye nafasi ya maoni ya msimamizi, kwa mwandiko safi aliomfundisha yeye mwenyewe kuandikia ripoti, palikuwa na maneno mawili: Anajifunza haraka.

Alitia sahihi. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza kwenye karatasi ya karakana ile. Kidole alipokea, akashukuru, akabaki amesimama mikono nyuma. Kisha akauliza hii ya kisima cha mashariki inataka mizunguko mingapi, maana maandishi ya kibati chake yamefutika.

"Sijui, Mkuu," Msusi akamjibu. "Ndiyo kwanza najifunza."

Kidole alicheka, akangoja, akaona hachekewi. Shukrani ya punda ni mateke, na mara hii aliyepiga teke alikuwa mwalimu, na Mungu amsamehe, lilimpendeza. Aliikunja aproni yake, akaenda kufagia chini ya meza, kama wanagenzi wafanyavyo. Kidole alijaribu kuisuka mwenyewe. Iliungua siku ya kwanza ilipowashwa. Akaisuka tena, ikazunguka nusu siku, ikaungua. Mafundi wengine waliizungukia, wakakuna vichwa, wakamtazama mwanamke mwenye ufagio, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mitaa sita ikakauka, na wake ulikuwamo. Siku ya nne alipanga foleni na binti yake kwenye bomba la mtaa wa pili, ndoo mbili mbili. Foleni yote ilikuwa ya wanawake. Kulikuwa na mjamzito aliyekaa juu ya dumu lake, mwanafunzi aliyekosa shule, na bibi mmoja jirani ambaye mkono wake wa kushoto haukuwa ukinyooka. Waume walikuwa makazini au walikuwa wamelala. Bibi yule alimtambua.

"Mwanangu, si wewe uko kule maji?" akauliza. "Hivi hamna fundi hata mmoja?"

Binti yake alimtazama, akisubiri jibu. Msusi alifungua mdomo. Angeweza kueleza ile kadi, ule usaili, ile barua, na foleni nzima ingesikitika naye, kisha kila mmoja angebeba ndoo yake vilevile. Alitazama mkono wa bibi. Akasema yupo, bibi, maji yatatoka keshokutwa.

Kesho yake aliingia karakana mapema, akazikata nyaya za Kidole zote, akahesabu mifereji, akaanza upya. Ilimchukua siku mbili. Alisuka kwa hasira, na mikono yake ilikuwa mizuri kuliko hasira yake, haikukosea. Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kilichomuuma ni kwamba Kidole alipopita asubuhi ile akamkuta kitini, hakushtuka wala hakuuliza. Alishusha pumzi tu, akaenda chumbani kwake kwenye vioo, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Mota iliwashwa Ijumaa, ikazunguka. Ripoti iliandikwa, na kwenye nafasi ya fundi aliyehusika likaandikwa jina la Mkuu, kwa kuwa mwanagenzi haruhusiwi kutia sahihi ripoti.

Mwisho wa mwezi wa pili Kidole alikuja na fomu nyingine, ameishika kwa mikono miwili. Msusi aliisoma akiwa amesimama. Maoni ya msimamizi: Ameanza kuielewa kazi.

Alikumbuka kwamba bado kuna miezi minne, akaomba kalamu.